Viungio vya seli katika ukuaji wa nzi wa matunda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita ninaowafundisha biolojia hapa Mwanza, na mengine kwa wazazi waliotaka kujua kwa nini watoto wao wanafuga nzi ndani ya chupa. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Nzi wa matunda anayezungumziwa hapa ni yupi?

Ni yule nzi mdogo mwenye macho mekundu, urefu wake kama milimita 3, anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ukipita soko la Kirumba jioni, utamkuta juu ya kichane cha ndizi kilichopasuka maganda au kwenye papai lililoanza kuchacha. Jina lake la kisayansi ni Drosophila melanogaster.

Asichanganywe na nzi anayetoboa maembe yakiwa bado mtini na kuwatia wakulima hasara. Huyo naye mabwana shamba humwita nzi wa matunda, lakini ni wa familia nyingine na ni mkubwa zaidi. Asichanganywe pia na wadudu wanaopanda juu ya ziwa kama nguzo za moshi, ambao mabuu yao hukulia majini.

Nzi wetu huyu mdogo aliingia katika historia ya sayansi mwaka 1910, Thomas Hunt Morgan alipomwona dume mwenye macho meupe katika maabara yake jijini New York. Tangu hapo amechunguzwa kuliko karibu mdudu mwingine yeyote. Ana jozi 4 tu za kromosomu, na katika nyuzijoto 25 hutoka yai hadi kuwa mdudu kamili kwa siku 10 hivi.

Kiungio cha seli ni nini?

Nenda mwaloni ukamtazame fundi anayeunda mtumbwi wa mbao. Akishagongomea ubao na ubao kwa misumari, kazi haijaisha. Husokota pamba, akaipitisha kwenye mwanya baina ya mbao mbili, akaishindilia kwa patasi butu na nyundo, pigo moja moja, mpaka mwanya wote ushibe. Watu wa pwani huita kazi hiyo kukalafati. Msumari hushika, pamba huzuia maji, na mtumbwi ukikosa kimojawapo hauvuki kwenda Ukerewe.

Seli za mnyama nazo ziko hivyo. Seli moja ina utando wake, na jirani yake ana wa kwake. Pale tando mbili zinapokutana, protini maalumu hukusanyika na kujenga kiungio. Kuna viungio vya kushika, viungio vya kuzuia vimiminika visipenye kati ya seli na seli, na viungio vya kupitishia ujumbe.

Mfano wa mtumbwi nimeutumia kwa miaka mingi, na nimejifunza mahali unapoishia. Mbao za mtumbwi zikishafungwa hazihami. Seli za kiinitete huhama, hubadilishana majirani, hujikunja na kuzama ndani, nazo hufanya hayo yote bila kuachia mwanya. Ni kama mtumbwi unaobadilisha umbo lake ukiwa katikati ya ziwa, na abiria wamo ndani. Kwa hiyo anayefikiri kwamba kiungio ni gundi iliyopakwa mara moja ikakauka hataelewa chochote katika majibu yanayofuata. Kiungio katika ukuaji huvunjwa na kujengwa upya kila wakati, na ugumu wa kazi yake uko hapo.

Nzi ana viungio vya aina gani?

Chukua tabaka la seli zilizopangana ubavu kwa ubavu kama vigae vya sakafuni. Tabaka la namna hii huitwa epithelia. Kila seli ina upande wa juu unaotazama nje na upande wa chini unaotazama ndani ya mwili. Karibu na juu, ubavuni, seli huzungukwa na mshipi wa kiungio cha mshikamano, ambao protini yake kuu ni E-kadherini. Chini ya mshipi huo kuna kiungio cha ngazi, ninachokiita hivyo kwa sababu katika darubini ya elektroni huonekana kama vipago vya ngazi kati ya tando mbili. Hiki ndicho kinachozuia uvujaji. Kuna pia viungio vya upenyo, ambavyo ni vijia vidogo vinavyounganisha ndani ya seli moja na ndani ya nyingine. Chini kabisa, integrini huifunga seli kwenye kitanda cha protini kilicho nje yake.

Mpangilio huu unatofautiana kidogo na wetu. Kwa binadamu kiungio cha kuzuia uvujaji kiko juu ya kile cha mshikamano, ilhali kwa nzi kiko chini yake. Nzi pia hana desmosomu, vile vifungo vinavyoipa ngozi yetu uimara.

E-kadherini hufanya nini hasa?

E-kadherini ni protini iliyopenya utando wa seli. Sehemu yake ya nje hushikana na E-kadherini ya seli jirani, na hufanya hivyo kukiwa na kalsiamu. Kalsiamu ikiondolewa, mshiko hulegea. Masatoshi Takeichi wa Japani ndiye aliyeonyesha umuhimu wa kalsiamu katika mshikamano huu, na jina kadherini limetokana na jambo hilo. Sehemu ya ndani hushikwa na protini iitwayo Armadillo, Armadillo hushikwa na protini nyingine, alfa-katenini, na alfa-katenini hushika nyuzi za aktini, ambazo pamoja na miosini zina uwezo wa kuvuta. Kwa mnyororo huo, seli moja ikivuta, jirani anavutika.

Kwa nzi, E-kadherini hutengenezwa na jeni iitwayo shotgun, jambo lililothibitishwa mwaka 1996. Matokeo ya mwaka huo ninayapenda kuliko mengine yote katika somo hili. Mtu angetarajia kwamba kiinitete kisicho na jeni hiyo kitasambaratika mara moja. Hakisambaratiki, kwa kuwa mama huweka akiba ya protini ndani ya yai, na akiba hiyo hutosha kwa hatua za mwanzo. Inapopungua, tishu zinazoharibika mwanzo ni zile ambazo seli zake zinahama sana: upande wa tumbo, ambako seli zitakazokuwa neva hujitoa katika tabaka na kuzama ndani, na mirija ya Malpighi, yaani mirija ya kutoa taka, ambayo hurefuka kwa seli kupishana. Tishu zilizotulia huendelea kushikana kwa akiba ile ndogo. Watafiti walipozuia seli za tishu hizo zinazohama zisihame, tishu zilibaki nzima, ingawa jeni bado ilikuwa imeharibika.

Jambo hilo litazamwe kwa makini. Protini mpya ilihitajika kwa ajili ya kushikana wakati wa kuhama, kwa kuwa seli inayoachana na jirani mmoja na kumshika mwingine hutumia protini nyingi kuliko iliyokaa mahali pamoja.

Kwa nini jeni hizi zina majina ya ajabu?

Kwa sababu majina yalitolewa kwa kutazama umbo la kiinitete kilichoharibika, kabla mtu yeyote hajajua protini yenyewe. Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, wakiwa Heidelberg nchini Ujerumani, waliharibu jeni za nzi kwa kemikali, kisha wakakagua maganda ya viinitete vilivyokufa, kimoja baada ya kingine, chini ya darubini. Kazi yao kuu ilichapishwa mwaka 1980, na mwaka 1995 walipata Tuzo ya Nobel pamoja na Edward B. Lewis.

Shotgun ni bunduki ya marisau, na ganda la kiinitete chake linaonekana kama lililopigwa kwa bunduki hiyo. Armadillo ni mnyama wa Amerika mwenye magamba ya kukunjamana, anayemkumbusha Mtanzania kakakuona. Crumbs ni makombo ya mkate, kwa kuwa ganda hukatikakatika vipande vidogo. Coracle ni chombo kidogo cha kuvukia maji cha Uingereza, na kiinitete chake hubaki wazi mgongoni kama mtumbwi. Hili la mwisho huwaingia wanafunzi wangu haraka kuliko mengine.

Armadillo inawezaje kuwa na kazi mbili?

Ikiwa imeshikwa kwenye E-kadherini, Armadillo ni sehemu ya kiungio. Ikiwa huru ndani ya seli, kwa kawaida huharibiwa haraka. Lakini seli jirani inapotuma protini ya ujumbe iitwayo Wingless, uharibifu huo husimama, Armadillo hujikusanya, huingia kwenye kiini na kusaidia kuwasha jeni. Ujumbe huo ndio unaosaidia kupanga pingili za mwili wa buu, na ndiyo sababu jeni hii ilionekana kwanza kama jeni ya pingili. Kwamba pia ni protini ya kiungio, tena ni yule yule beta-katenini wa wanyama wenye uti wa mgongo, kulijulikana baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Nini hutokea katika saa za mwanzo za kiinitete?

Yai la nzi lina urefu wa nusu milimita. Baada ya kurutubishwa, kiini hugawanyika bila seli kugawanyika: viini viwili, vinne, vinane, mara 13 kwa jumla, vyote vikiogelea katika saitoplazimu moja. Migawanyiko ya mwanzo huchukua dakika 10 hivi kila mmoja, au chini ya hapo. Viini vingi huja kujipanga juu, chini ya utando wa yai, na karibu na saa ya tatu utando hushuka katikati ya kila kiini na jirani yake, mpaka zinapatikana seli kama 6,000 kwa mkupuo mmoja.

Seli hizo zinapozaliwa bado hazina mshipi. Protini iitwayo Bazooka hutangulia kufika ubavuni karibu na juu, na mahali ilipo ndipo vipande vya kiungio hukusanyika; Bazooka ikikosekana, vipande hivyo hutawanyika. Kwa maneno mengine, kabla ya kushikana, seli lazima ijue juu ni wapi. Baadaye Crumbs na wenzake huulinda upande huo wa juu.

Muda mfupi baadaye, ukanda wa seli kama 1,000 upande wa tumbo huanza kubana vichwa vyake. Nyuzi za aktini na miosini huvuta kutoka ndani, viungio hupokea mvuto huo na kuupitisha kwa jirani, na tabaka lote hujikunja kuwa mfereji unaozama ndani kuwa chanzo cha misuli. Viungio vikiwa dhaifu, seli zinabana lakini mvuto haufiki popote, kama mvuvi anayevuta kamba iliyokatika kwenye wavu. Zikishazama, protini iitwayo Snail huwa imezima jeni ya E-kadherini ndani yake, na kadherini ya aina nyingine huchukua nafasi yake.

Kisha mwili hurefuka. Ukanda wa kiinitete huongezeka urefu zaidi ya mara mbili na kupungua upana, bila kutegemea kuzaliwa kwa seli mpya. Seli hubadilishana majirani. Mpaka kati ya seli ya mbele na ya nyuma, ambako miosini imejaa, hufupishwa mpaka ukawa nukta; kutoka katika nukta hiyo hufunguka mpaka mpya kati ya seli iliyo upande wa mgongo na iliyo upande wa tumbo, ambazo hapo awali hazikuwa zikigusana. E-kadherini na Bazooka ziko kwa wingi kwenye mipaka ile mingine, isiyofupishwa. Wanafunzi wakitaka kuliona hili, nawapanga wanne uwanjani, mikono yao imeshikana. Wawili waliogusana huachana taratibu na wawili waliotengana hushikana, na hakuna wakati ambao duara linakatika.

Mgongo wa kiinitete hufungwaje?

Karibu na nusu ya ukuaji ndani ya yai, mgongo wa kiinitete huwa bado una nafasi wazi iliyofunikwa na seli kubwa nyembamba ziitwazo amnioserosa. Ngozi za pande mbili hupanda kuelekeana. Seli za amnioserosa hujibana, ukingo wa ngozi huvutwa na uzi wa aktini unaopita seli hadi seli kupitia viungio, na pande mbili zinapokaribiana, seli za ukingoni hunyoosha vidole vyembamba vinavyotafutana, kila pingili ikitafuta pingili yake ya upande wa pili. Kufunga huanzia ncha mbili na kuelekea katikati, kama zipu iliyofungwa kutoka pande zote mbili. Viungio vipya hujengwa papo hapo zinapokutana.

Hapa ndipo kiinitete cha coracle hushindwa. Kwa maoni yangu, anayeanza kujifunza mada hii aanzie hapa, kwa sababu mvuto, mshikamano na ujenzi wa kiungio kipya huonekana kwa pamoja katika tukio moja.

Kiungio cha ngazi kina kazi gani?

Kazi yake ya kwanza ni kuzuia. Protini zake ni nyingi: Neurexin IV, Coracle, klaudini kama Sinuous na Megatrachea, hata pampu ya sodiamu na potasiamu. Nyingi hutegemeana, na moja ikitoka ngazi nzima hulegea. Kipimo chake ni cha kupendeza: rangi inayong'aa hudungwa katika uwazi wa mwili wa kiinitete, kisha mtafiti husubiri. Kiinitete kizima huizuia rangi nje ya mirija ya hewa. Kilicho na jeni mbovu huiachia ipenye, na mirija hujaa mwanga.

Kuna mambo mawili zaidi. Katika mirija ya hewa, viungio hivi husaidia pia kudhibiti urefu, kwa kuwa bila hivyo protini zinazorekebisha khitini (dutu ngumu ya maganda ya wadudu) ndani ya mrija hazifiki mahali pake, na mrija hurefuka kupita kiasi na kujipinda kama mzizi uliokosa nafasi. Katika mfumo wa neva, seli zinazozizunguka neva huzifunika kwa kiungio cha ngazi, kwa kuwa damu ya nzi ina potasiamu nyingi ambayo ingezizima neva hizo. Kiinitete kisicho na Neurexin IV hupooza.

Je, protini za viungio huhusiana na uvimbe?

Ndiyo. Scribble, Discs large na Lethal giant larvae husaidia seli kutofautisha juu na ubavuni. Buu aliyekosa moja ya protini hizi hachelewi kuonyesha: vile vijitabaka vya seli vitakavyokuwa mabawa na miguu, ambavyo kwa kawaida ni bapa kama mifuko iliyokunjwa, huvimba na kupoteza mpangilio, na buu huendelea kukua bila kufika hatua ya bundo (pupa).

Viungio vya upenyo je?

Nzi hutumia inneksini, na ana jeni 8 za protini hizo. Moja, iitwayo zero population growth, huunganisha seli za uzazi na seli zinazozilea. Bila hiyo seli za uzazi hufa mapema na nzi huwa tasa. Nyingine, shaking-B, hupitisha umeme katika neva kubwa zinazomrusha nzi anapotishwa.

Na mabawa na misuli?

Bawa ni tabaka mbili za seli zilizogandana chini kwa chini kupitia integrini. Integrini ikikosekana mahali fulani, tabaka huachana na bawa hutoka lengelenge. Jeni ya sehemu moja ya integrini huitwa myospheroid, yaani misuli ya mviringo, kwa sababu misuli ya kiinitete inapojikaza hung'oka iliposhikiliwa na kuwa donge.

Kwa nini jicho la nzi hutajwa sana?

Jicho lina vijicho kama 750 hadi 800 vilivyopangwa kwa usahihi mkubwa. Katika kila kimoja kuna seli 4 za koni zilizoshikana katikati. Seli zote za hapo zina E-kadherini, lakini za koni zina pia N-kadherini, hivyo hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa namna ya pekee. Umbo lao ni lile lile la mapovu manne ya sabuni yaliyogusana. Anayefulia ziwani akichota povu viganjani na kulitazama kwa karibu, ataiona mipaka ya mapovu ikikutana vilevile.

Je, haya yanamhusu binadamu?

Yanamhusu moja kwa moja. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba kuharibika kwa jeni ya E-kadherini ya binadamu, CDH1, husababisha aina ya saratani ya tumbo inayorithiwa katika familia. Beta-katenini, ndugu wa Armadillo, hujikusanya kupita kiasi katika saratani nyingi za utumbo mpana. Hata hivyo nzi si binadamu mdogo. Hana desmosomu, ngazi yake iko mahali tofauti, na dawa haiwezi kupimwa kwake ikatolewa hospitalini kesho yake. Anachotupa ni namna protini inavyofanya kazi, na hicho si kidogo.

Naweza kuona haya shuleni?

Viungio vyenyewe huwezi, kwa kuwa vinahitaji protini zinazong'aa na darubini maalumu. Lakini kiinitete unaweza. Weka ndizi iliyopondwa na hamira kidogo ndani ya chupa, wacha nzi waingie, funga mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi. Joto la nyumba nyingi za Mwanza linawatosha. Kesho yake utaona mayai meupe juu ya ndizi, kila moja likiwa na vipembe viwili mbele. Yachukue machache kwa brashi laini. Mwalimu ndiye ayaloweke kama dakika 2 katika maji ya klorini ya kufulia yaliyozimuliwa nusu kwa nusu, ili ganda la nje litoke, kisha ayasuuze vizuri. Weka tone la mafuta juu ya kioo na uyatazame kwa darubini ya kawaida ya shule.

Lililotagwa karibuni ni jeupe na lenye giza katikati. La saa kadhaa linaonyesha mkunjo nyuma, mwili uliorefuka ukiwa umejipinda kuelekea mgongoni. La karibu na saa 22 lina mirija miwili ya hewa inayong'aa kama nyuzi za fedha kutoka nyuma hadi mbele, na buu ndani anajikunja na kujikunjua, akisukuma kwa kichwa ganda linalobaki.